Koloneli ao kanali, gani njo Kiswahili?

Bandugu, tubishane lakini bila matusi. Jana mu taxi-bus ya kwenda Kenya (Kenya yetu ya hapa Lubumbashi, si ile ya Nairobi) redio ikasema "kanali wa jeshi", papa mumoja akakasirika eti munatuletea Kiswahili ya Watanzania, kijana akamujibu kanali njo Kiswahili bora, koloneli ni Kifaransa ya kuharibika. Mimi nasema kijana amekosa. Kanali nayo ni ya kukopa! Waingereza wanaandika colonel sawasawa na Wafaransa, lakini mu kinywa yao ile L ya kwanza haisikike, basi Waswahili wa kule wakashika "kanali", sisi kwa Wabelgiji tukashika "koloneli". Ni masikio tu. Na Wafaransa wenyewe waliitoa Italia. Sasa ubora unatoka wapi?

— Sawa mukubwa, lakini shida ya kweli iko kwa major. Kwetu major ni ofisa, kama kwa Wabelgiji, na meja wa Tanzania vile vile. Ufaransa ofisa wa kiwango ile wanamuita commandant, na tangu 1975 kwao major ni mukubwa wa wale wasio maofisa. Major wetu akienda masomo Paris akijitambulisha hivyo tu, si watamushusha?

— Atavaa galoni zake (alama za cheo), wataona. Na afande munamuacha?

— Afande! Wakati ya Mobutu jeshi ilikuwa Lingala na Kifaransa, afande tulianza kuisikia sana 1997 AFDL, waasi wa Laurent-Désiré Kabila, ilipoingia. Kwangu ni neno la wageni.

— La wageni kwa nani? Ni efendi ya Waturuki, ikapita Misri na Sudan, Waingereza wakaifanya cheo mu jeshi yao ya Afrika Mashariki, Idi Amin aliipata 1959. Yaani hata Waganda waliikopa. Tukianza kufukuza maneno ya wageni hapa, sote tutanyamaza, juu hata "redio" itaenda.

— Mimi sina upande. Mama yangu anauzisha mikate karibu na kambi, galoni hajui hata moja, kila mutu ni "komanda", hata kijana aliyeingia jeshi juzi. Na mupaka leo hakuna askari hata mumoja amemusahihisha.