Wenye pakeji za utalii Kigoma, acheni kuwatisha wageni wetu

Wakuu, nina hasira na leo nazitoa. Shemeji yangu alikuja Kigoma na wastaafu wenzake kutoka Morogoro, walimu watupu, watu waliochanga kidogo kidogo ili wapande treni ya kati waje waone Ziwa Tanganyika, mji wa kale wa Ujiji na sokwe wa hifadhi ya Gombe. Walilipa pakeji kwa kampuni moja ya hapa mjini. Jana nimewasindikiza stesheni. Walichokiona cha Kigoma ni kioo cha gari la Noah na ukumbi wa kulia wa hoteli.

Siku waliposhuka, kabla hata hawajanawa vumbi la njiani, walisomewa masharti kama wanafunzi wa bweni. Mtu asitoke geti la hoteli bila gari la kampuni. Asipande daladala wala bodaboda. Asile kwa mama lishe. Asinunue chochote mwaloni. Wakaambiwa Ujiji ina vibaka, mgeni akionekana peke yake anakabwa mchana kweupe.

Ujiji! Mimi ni mtoto wa Ujiji, wazazi wangu wamezikwa Ujiji. Vibaka wapo kila mji wa nchi hii, na ukizubaa na simu utaibiwa Kariakoo kama utakavyoibiwa mtaa wa Mwanga hapa Kigoma. Lakini kumwambia mwalimu wa miaka sabini, Mtanzania, mzungumzaji wa Kiswahili, kwamba hawezi kutembea mchana kwenye mtaa wa Watanzania wenzake, hiyo ni kuchafua jina la mji ili uuze viti vya gari lako. Mke wangu alikaanga mgebuka, samaki wa ziwa letu, kwa mawese, akasonga ugali wa muhogo, tukamngoja shemeji mpaka usiku. Alipiga simu akasema kiongozi wa msafara amekataa, ratiba hairuhusu. Mgeni wangu, ndugu wa mke wangu, yuko mji mmoja na mimi, anaombewa ruhusa ya kuja kula kwangu na ananyimwa.

Kutoka mjini hadi Ujiji ni kama kilomita nane. Daladala zinapita Mwanga zikiteremka Ujiji tangu alfajiri, nauli haifiki elfu moja. Kampuni iliita hiyo "ziara ya nusu siku", ikamtoza kila kichwa hela ambayo peke yake ingekodi gari zima kwenda na kurudi. Na hiyo nusu siku yenyewe ilikuwa kuteremshwa kwenye makumbusho ya Livingstone, mmisionari wa Kiskoti, kupiga picha na sanamu zake na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, kuambiwa walikutana hapo Novemba 1871, na kupandishwa garini tena.

Wengi wa hawa ni walimu wa historia! Miaka yote wamesimama darasani wakifundisha habari za Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi. Hakuna aliyewaambia kwamba Stanley alipotoka Tabora alikuta njia ya kuja Ujiji imefungwa na vita vya Mirambo huyo huyo, akalazimika kuzunguka kwa kusini. Hakuna aliyewaambia kwamba wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walishafika Ujiji 1858, au kwamba misafara ilikuwa ikifika hapa kutoka Bagamoyo kabla mzungu yeyote hajakanyaga. Wangetembea kwa miguu tu kutoka makumbusho wakafika ufukweni, wangewakuta mafundi wanaunda maboti ya mbao. Wangeketi barazani na wazee wenye asili ya Manyema, huko mashariki ya Kongo, ambao hadithi ya biashara ya watumwa hawakuisoma vitabuni, waliisikia kwa babu zao. Hiyo haina tiketi, na nadhani ndiyo sababu haimo kwenye pakeji.

Mjini Kigoma kwenyewe walipitishwa mbio. Bandarini wakaambiwa "ile ni Liemba", gari likaendelea. Meli iliyoundwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande kwa bahari na reli, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeshaanza, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiopoa, ikarudi kazini 1927. Haikustahili hata kusimamisha gari? Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka ziwa akitokea mji huu kwenda Kongo. Kimya. Kijiji cha wavuvi cha Katonga kwenye dagaa wanaoanikwa mchangani hawakupelekwa, eti kuna harufu.

Vitisho hivi najua vilikotoka. Kabla sijarudi nyumbani nilitembeza wageni Unguja, na nimepokea sana watu wa meli kubwa za utalii. Meli inafunga gati bandari ya Malindi, Unguja, asubuhi, jioni inaondoka. Ndani ya meli wanauza matembezi yao wenyewe: mashamba ya viungo, msitu wa Jozani, kisiwa cha Changuu. Bei inazidi ya mtaani na abiria wanajua, ila kuna kitu wanachokilipia. Basi la meli likikwama njiani, meli inalisubiri. Aliyetoka kivyake akachelewa, ngazi inapandishwa, naye anaifuata meli bandari ya mbele kwa gharama zake. Tena saa ya melini wakati mwingine haifanani na saa ya nchi kavu, na kuna wanaoachwa kwa sababu hawakuuliza. Meli ikitia nanga nje, watu wakaletwa kwa boti ndogo, mara nyingi wenye tiketi za matembezi ya meli ndio wanaoteremshwa kwanza. Kwa hiyo woga wa kule una msingi.

Na hata kule tulikuwa tunawaambia ukweli. Mji Mkongwe uko nje ya geti la bandari. Forodhani, Ngome Kongwe, soko la Darajani, kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, vyote kwa miguu yako. Basi la nini? Wenzetu wa Mombasa nao hivyo hivyo: Fort Jesus iko mbali kidogo na bandari ya Kilindini, unakodi tuktuk mnapatana bei, unarudi bila shida. Ila anayetaka kwenda Tsavo na kurudi siku hiyo hiyo anashauriwa apande gari la meli, kwa sababu barabara ikimkwamisha anaye wa kumsubiri.

Sasa niambieni, Kigoma ni meli gani inayong'oa nanga saa kumi na moja jioni ikamwacha mwalimu mstaafu Ujiji? Watu wamelala hapa siku kadhaa! Treni yao siku yake inajulikana. Mmechukua woga wa bandari ambako chombo kinaondoka leo leo, mmekuja kuuza kwa watu wasio na haraka yoyote. Ile faida ya kusubiriwa, ambayo ndiyo inayohalalisha bei, nyie hamna.

Mahali ambapo mgeni anawahitaji kweli ni Gombe. Hakuna barabara ya kufika, ni boti tu. Ukifika huruhusiwi kupanda mlimani bila mwongozaji wa hifadhi. Kikongwe hawezi kubanana kwenye boti za abiria zinazotoka mwalo wa Kibirizi juu ya magunia, tena hizo huondoka mchana zikikuacha ulale huko. Hapo nakubali, lipa boti ya kukodi. Na hapo hapo ndipo kampuni ilipovurunda.

Waliahidiwa kuondoka alfajiri. Walikaa ufukweni wamevaa majaketi okozi, jua likatoka, likapanda, boti haipo. Kumbe boti ilikuwa imepeleka kwanza kundi jingine, na mafuta ya safari ya pili yakaanza kutafutwa wakati huo. Wamefika Gombe karibu na adhuhuri. Kila mtu wa ziwa anajua asubuhi ndiyo saa ya sokwe: wafuatiliaji wanatoka mapema wanajua wamelala wapi, wageni wanaelekezwa huko. Ukichelewa, kundi limeshahama kwenda kula mabonde ya juu, na miguu ya miaka sabini haiwezi kulikimbiza. Walipanda, wakachoka, mwongozaji wa hifadhi akajitahidi kwa uungwana wote, halafu nahodha akaanza kuwahimiza wateremke kwa sababu ya upepo. Hawakuona sokwe hata mmoja.

Kwenye kundi yumo mama mmoja, mwalimu wa baiolojia. Amefundisha vizazi na vizazi jinsi sokwe anavyovua mchwa kwa kijiti, jambo ambalo mtafiti Jane Goodall aliliona Gombe 1960. Alitaka kuiona milima hiyo na sokwe wake mara moja maishani. Analia akiniambia, mimi nasema nini?

Tulipodai, tukajibiwa wanyama wa porini hawana dhamana. Hilo nalijua kuliko aliyelisema. Hakuna anayedai dhamana ya sokwe. Tunadai dhamana ya saa ya kuondoka, ambayo iko mikononi mwenu na si mwa sokwe! Tukaomba mchanganuo: kiingilio cha hifadhi ni shilingi ngapi, boti ngapi, chakula ngapi. Jibu likawa "bei ya pakeji haigawanywi". Kiingilio kinalipwa serikalini kwa namba ya kumbukumbu, risiti yake ipo. Kwa nini mteja asionyeshwe?

NYONGEZA: Mkuu uliyeandika kwamba kampuni nazo zinalipa kodi, leseni na mishahara, sijakataa. Pata faida yako. Lakini faida ya boti iitwe faida ya boti, isije ikafichwa kwa kumwambia mgeni kwamba mama lishe wa Mwanga atamtia sumu na kijana wa bodaboda atamkaba. Hao nao wanalipa ushuru, na mgeni akila hotelini kuanzia chai mpaka chakula cha usiku hawaambulii kitu. Kisha tunalalamika kwamba utalii hauinufaishi Kigoma.

Na wewe unayesema niitaje kampuni, malalamiko ya maandishi yameshapelekwa na wenyewe waliolipa. Acha hatua ziende.

Dada uliyeuliza kuhusu kumleta mama yako mwezi ujao, mlete, msisikilize vitisho. Ujiji chukueni bajaji ya kutwa, patana bei kabla ya kupanda, muanze asubuhi kabla jua halijawa kali, na makumbusho msiyaharakishe, ulizeni maswali. Katonga nendeni wakati dagaa wanaanikwa. Mgebuka kuleni kwa mama lishe yeyote mtakayeona ana wateja wengi. Gombe usiende kienyeji kwa sababu ya magoti ya mama. Wasiliana na ofisi ya hifadhi kabla hamjasafiri, uliza viingilio vya Watanzania na habari za boti, ndipo uzungumze na kampuni ukiwa unajua hesabu. Mama akiwa na mafua ahirisheni, ugonjwa wetu unawaua sokwe. Mkikodi boti, muulize nahodha kama siku hiyo ana kundi jingine kabla yenu, na usitoe hela yote mwanzoni. Saa ya kuondoka Kibirizi iandikwe kwenye risiti, kwa kalamu, na waweke mhuri juu yake.