Faili linatumika, siyo ruhusa! Acheni kuwapigia watu Windows upya bila sababu

Wakuu, leo naandika kwa hasira.

Dodoma hii, kuanzia steshenari za karibu na UDOM mpaka ofisi za Mtumba, mtu akiapdeti laibrari (kifurushi cha kodi) ya lugha ya programu ya Python kwenye Windows ikagoma, jibu la mafundi ni moja: bofya kulia, "Run as administrator". Ikigoma tena, wanapiga Windows upya na hela wanachukua. Kazi ya dakika tano hiyo!

Kosa lenyewe hawalisomi. Chukua `pip install --upgrade numpy` (pip ndiyo inayosakinisha laibrari za Python, numpy ni laibrari ya hesabu). Inakata mwishoni na `[WinError 5] Access is denied`, halafu inafuata njia ya faili yenye folda `~umpy` na mwisho wake `.pyd`. Faili la `.pyd` ni DLL tu (faili la kodi ambalo programu hulipakia) kwa jina lingine. Programu ikishalipakia kwenye memori, Windows hairuhusu lifutwe mpaka programu hiyo ifungwe, hata uwe admin wa namna gani. Ila kubadilishwa jina inaruhusu, na hapo ndipo hiyo `~umpy` inapozaliwa: pip inalihamishia toleo la zamani humo, inaweka jipya, kisha inashindwa kufuta la zamani. Kwa hiyo mara nyingi toleo jipya limeshaingia! Hakikisha kwa `python -m pip show numpy` kabla hujapaniki. (Pip za karibuni zina nafuu, zinatoa onyo tu kwamba folda ya muda imeshindikana kufutwa.)

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba pip yenyewe inachangia, maana chini ya kosa inakushauri utumie `--user`. Usifuate. Inaweka nakala ya pili kwenye AppData\Roaming, na Python inaisoma hiyo kabla ya ile ya mashine nzima. Mwezi ujao unaapdeti ya mashine, programu inaendelea kutumia ile nyingine, na unaanza kutafuta mchawi.

Tafuta nani kalishika faili (`_multiarray_umath` ni `.pyd` ya numpy, weka jina uliloliona kwenye kosa lako):

`tasklist /m _multiarray_umath*`

Utapata jina la programu na PID yake (namba yake ikiwa inaendesha). Hapa ndipo admin ana kazi, maana bila yeye huwezi kuona vizuri programu za watumiaji wengine. Mara nyingi utakuta ni `python.exe` ya Jupyter (daftari la Python linalofunguka kwenye brauza). Kufunga tabu ya brauza hakuzimi kernel (Python inayoendesha nyuma yake), nenda kwenye orodha ya zinazoendesha uizime huko. VS Code nayo huacha kernel nyuma. Kwenye mashine za ofisini mkosaji huwa ni skripti ya ripoti iliyopangwa Task Scheduler au iliyofanywa sevisi, na hiyo isimamishe kwa utaratibu wake, usiiue katikati ya kuandika data. Vingine vyote: `taskkill /PID 4312 /F`, ukiweka namba uliyoiona wewe.

Tasklist isipoonyesha kitu, basi kuna programu imelifungua tu bila kulipakia, antivirasi kwa mfano. Fungua `resmon` (Resource Monitor ya Windows), tabu ya CPU, sehemu ya Associated Handles, andika jina la faili.

Ukishaachilia, rudia komandi ileile ukiiandika `python -m pip install --upgrade numpy`. Kwa kuapdeti pip yenyewe hiyo `python -m` ni lazima, kwa sababu `pip.exe` haiwezi kujibadilisha huku inaendesha. Na wewe unayewaambia watu waongeze `--no-cache-dir`, bando unawalipia? Pip huhifadhi ilichokwisha kupakua, ukirudia haishushi tena. Malizia kwa kufuta kwenye site-packages (folda zinapokaa laibrari) folda zote zinazoanza na `~`, la sivyo onyo la "Ignoring invalid distribution" halitakuacha.

"Zima uwashe" nayo siyo dawa kila mara. Fast Startup ikiwa imewashwa, Shut down haiziui sevisi, inazilaza tu, na asubuhi zinaamka na DLL ileile mkononi. Chagua Restart.

Wa Ubuntu msicheke. Kwenu apdeti inapita kimya, lakini programu iliyokuwa inaendesha inabaki na faili la zamani memorini mpaka uiwashe upya. `sudo lsof | grep DEL` itawaonyesha mafaili yaliyofutwa ambayo bado yameshikiliwa memorini.

Kuna hali moja ambapo ni ruhusa kweli: Python imewekwa chini ya `C:\Program Files` na wewe ni mtumiaji wa kawaida. Hapo tengeneza mazingira yako mwenyewe ya Python kwa `python -m venv` kwenye folda yako, imeisha.

Fundi anayebisha aweke hapa mstari wa mwisho wa kosa pamoja na majibu ya tasklist. Picha ya skrini iliyokatwa nusu siitaki.