Korona imeisha lakini kulakula usiku kumenibakia, ni mimi pekee?

BintiKisauni: Jamani habari zenu. Ile 2020 kafyu ya saa moja jioni mpaka kumi na moja alfajiri ndo iliniharibu, tumefungiwa ndani na watoto, shule hakuna, nakaa mbele ya tivii nangoja taarifa ya wizara, Kagwe, waziri wa afya wa Kenya wakati ule, anasoma wapya wangapi waliofariki wangapi, mkono uko kwenye sahani. Viazi karai, mahamri ya asubuhi yaliyolala, soda juu yake. Njaa sina kabisa ila idadi ikipanda kifua chabana, nikitafuna natulia. Sasa kafyu iliondolewa tangu Oktoba 2021 na mimi bado, karo ikichelewa au simu ikilia usiku, huyo jikoni. Mume wangu asema ni ulafi tu. Kweli?

nesi_wa_zamu: Ulafi wapi dadangu. Hofu ikikaa sana mwili unamwaga homoni ya kortisoli, na hiyo kwa wengi huamsha hamu ya kula, tena hamu yenyewe haitaki sukumawiki, yataka sukari na mafuta maana vinakupa nafuu ya dakika mbili tatu. Ubongo ukishajua hiyo njia, korona iwepo isiwepo utapita hapohapo. Ongeza kukosa usingizi, ndo njaa inazidi. Hebu niambie, mchana wala nini?

Mzee wa Diani: Mimi kinyume chenu, nilikonda mpaka suruali zikanivuka. Hoteli ilifungwa tukaambiwa nendeni nyumbani, chakula hakipiti kooni. Na baadaye nilipoanza kula ilikuwa chai na mkate, mkate na chai, sio wasiwasi huo ni mfuko!! Tusiseme kila aliyekula vibaya wakati ule alikuwa na mawazo, wengine ndo kilichopatikana.

mamapacha: @Mzee kweli lakini wengine tulikuwa na hela na bado tulikula keki kila siku, mtaa mzima ulikuwa unaoka 😂 Mimi kilichonisaidia ni kuzima taarifa ya habari na kula mezani, sio kwenye kochi. Na biskuti haziingii nyumbani, usiku nikizitaka duka limefungwa.

BintiKisauni: @nesi mchana chai ya rangi na mabuyu, nauza leso peke yangu, nikitoka kwenda kula wateja wanahamia duka la jirani.

nesi_wa_zamu: Basi hapo pana shida mbili, wasiwasi na njaa ya kweli, na usiku zinakuja pamoja. Beba chakula kutoka nyumbani, maharagwe na chapati moja, hata muhogo na samaki, ule saa saba hapohapo dukani. Kapime sukari na presha pia. Na ukiona unakula kwa kujificha ama unajitapisha, hiyo usingoje, muone daktari akupeleke kwa mshauri.

BintiKisauni: Kujitapisha hapana alhamdulillahi. Kujificha… mume wangu asisome hapa 🙈 Kesho nabeba maharagwe.