Tupeane uzoefu: talaka, watoto na nyumba mliyojenga pamoja

Mwanzilishi wa mada: Ndugu zangu, jana nilimsindikiza mdogo wangu kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa la kata, na nilipomwona ameketi kwenye benchi la mbao, bahasha ameikumbatia kifuani, nilijiona mwenyewe miaka sita iliyopita. Mimi nilikwenda moja kwa moja Mahakama ya Mwanzo, karani akanirudisha kwa sababu sikuwa na hati ya baraza inayothibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana. Mliopita njia hii, naomba mseme yaliyowakuta, ili anayeanza leo asizungushwe kama nilivyozungushwa.

Mama Pacha: Hati mimi nilikuwa nayo, lakini niliiweka kabatini nikitumaini kwamba mume wangu atajirudi. Nilipofungua shauri ilikuwa na miezi minane, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua. Shauri likaondolewa, nikaanza upya barazani.

Jirani Mwema: Na mimi yalinikuta hayo hayo, dada.

Mzee wa Ukoo: Wanangu, mahakama huacha majeraha. Kaeni na wazee wa pande zote mbili, mgawane kwa maandishi, mambo yaishe nyumbani.

Mama Pacha: Shikamoo mzee. Wetu walikaa mara tatu, na maandishi yao mume wangu aliyachana mbele yangu. Nawaheshimu wazee, lakini amri ya talaka hutolewa na mahakama.

Binti Mkubwa: Nimekuwa nikisoma kimya, ila leo nimeshindwa kunyamaza. Nilikwenda kumzika mama yangu mdogo, nikakaa msibani siku tisa. Niliporudi nilikuta watu watatu uani kwangu, mmoja akivuta futi kutoka ukuta wa jiko hadi kwenye mwembe nilioupanda mwaka tuliohamia, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa amesimama kando na karatasi za mauziano. Mume wangu hakuniangalia. Nilimuuliza mwenyekiti ridhaa ya mke iko wapi, akajibu kwamba ameambiwa tumekwisha kuachana, ilhali nguo zangu zilikuwa bado zimeanikwa kwenye kamba pale pale. Nilisimama na khanga ya msiba begani, nikatamka mbele ya majirani kwamba sijaridhia, na yule mnunuzi, Mungu ambariki, akakunja futi yake akaondoka.

Asubuhi yake nilikwenda kwa watoa msaada wa kisheria, wakanieleza kwamba kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamkataza mwenzi kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, wakanisaidia kuweka zuio. Shauri liliposikilizwa, mume wangu alisema kwamba sikuwa na mshahara, hivyo sikuchangia kitu. Nikatoa daftari. Ni daftari la shule la mwanangu, jalada lina doa la mafuta ya taa, na ndani nilikuwa nimeandika kila mfuko wa saruji, kila tripu ya mchanga, na kila siku niliyowapikia mafundi ili tusiwalipe posho ya chakula. Hakimu alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Nilipata mgawo wangu.

Jirani Mwema: Pole sana, dada. Nimesoma huku nalia.

Mtafuta Haki: Nampa pole, lakini tuseme ukweli. Hati ya kiwanja ikiwa na jina la mume, kupika hakuwezi kumpa mke sehemu ya nyumba.

Mwanasheria Kijana: Ndugu, usiwapotoshe watu. Katika rufaa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali, chini ya kifungu cha 114 cha sheria hiyo hiyo. Hata hivyo, Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kutokana na namna alivyozitumia fedha alizopewa na mumewe. Kiasi anachopata mtu hutegemea ushahidi, ndiyo maana lile daftari lilimwokoa dada yetu.

Mtafuta Haki: Nimekuelewa. Basi na mume naye atunze risiti zake.

Baba wa Mmoja: Mniruhusu niseme la watoto. Niliambiwa vijiweni kwamba mtoto akitimiza miaka saba ni wa baba, nikaenda kumchukua binti yangu shuleni bila kumwambia mama yake. Mahakama iliamuru nimrudishe.

Mwanasheria Kijana: Sheria inasema tu kwamba mtoto wa chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni vyema akae na mama, na hata hilo linaweza kupingwa. Baada ya hapo hakuna anayempata moja kwa moja, kwa kuwa kinachotangulia ni ustawi wa mtoto.

Baba wa Mmoja: Ndivyo ilivyokuwa. Hakimu alimwita faraghani, kwa kuwa alikuwa na umri wa kueleza anachotaka. Alisema, akiangalia viatu vyake, kwamba angependa siku za shule awe kwa mama na likizo awe kwangu. Siku ile nilikasirika. Sasa kila likizo ananisubiri mlangoni na begi lake.

Mama Pacha: Matunzo unampa nani, kaka? Wengine hushauri kununua vitu badala ya kutoa fedha.

Baba wa Mmoja: Natuma kwa simu, na ujumbe wa kila muamala ninautunza.

Mwanzilishi wa mada: Mdogo wangu ameitwa tena barazani Jumatano. Nimemwambia arudi leo nyumbani akatafute risiti za mabati, kabla kufuli halijabadilishwa.