Nimemaliza digrii ya kompyuta niko Moshi: nikawe IT wa kampuni ya utalii Arusha au nibaki nyumbani nijinoe kwenye programu?

Kijana wa Kiboriloni
Wakuu shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Nina miaka 25, nimemaliza digrii ya sayansi ya kompyuta mwaka jana, niko nyumbani Kiboriloni na mama na wadogo zangu wawili. Nimeomba kazi mpaka sivii yangu naijua kwa kichwa, Ajira Portal nimeitwa mara moja tu tukajaa ukumbi mzima nikaishia kwenye mchujo wa kuandika. Sasa wiki iliyopita shemeji kaniunganisha na kampuni moja ya utalii hapo Arusha, wanataka mtu wa IT, mshahara laki tatu na nusu. Kazi yenyewe ni kuangalia kompyuta na printa za ofisi, wifi, kubadilisha picha na bei kwenye tovuti, na msimu ukichanganya kujibu meseji za wageni.

Mimi ninachokitaka ni kutengeneza mifumo. Chuo tumefanya Java na C zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye mashine, PHP na JavaScript nimejifunza mwenyewe. Nilichowahi kukimaliza ni kimoja, mfumo wa kikundi cha VICOBA cha mama, hisa, mikopo na faini, kina mama 27, kila Jumapili naenda na laptopu yangu naingiza wenyewe wakiangalia.

Rafiki yangu wa Dar anasema PHP ni ya wazee nihamie Flutter ya kutengeneza apu za simu, mwingine anasema niingie data na akili mnemba ndo kwenye hela, mjomba anasema kazi ni kazi. Mama hasemi kitu, ila juzi kauza mkungu wa ndizi nipate hela ya bando na nimekosa usingizi tangu siku hiyo. Naombeni ushauri kwa aliyepita njia hii.

Mangi wa Mbuyuni
Chukua kazi dogo. Mtu aliye ndani ndo anaitwa kwingine, aliye nyumbani anaambiwa tutakupigia.

Fundi Mifumo Njiro
Mdogo wangu mimi nilichukua kazi kama hiyo hiyo nikiwa na umri wako, nikakaa miaka mitatu. Nilikuwa nasema jioni nikirudi ntasoma, sikusoma, maana siku nzima umebebana na printa na rauta na bosi amesahau paswedi, ukifika geto unataka kulala tu. Miaka mitatu imeisha naenda usaili wa programa naulizwa umetengeneza nini, sina. Kilichonitoa siyo lugha mpya, ni kuhamia ofisi ndogo ya watu wanne ambako kuna kaka mmoja alikuwa hapitishi kazi yangu mpaka aisome mstari kwa mstari na kuniuliza hii kwa nini umeiandika hivi. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa kwanza. Kwa miezi sita nilijifunza vitu ambavyo miaka mitatu sikuvigusa.

Kwa hiyo kabla hujaamua Flutter au PHP, uliza hapo unapokwenda kuna mtu wa kuisoma kazi yako? Kama hayupo siyo lazima ukatae, ila ujue utamtafuta nje.

Alafu nijibu hili, kwenye mfumo wa VICOBA hela umezihifadhi kwa aina gani kwenye databesi?

Kijana wa Kiboriloni
Asante sana kaka. Hela nimeweka FLOAT, ile aina ya namba zenye nukta, kwenye databesi ya MySQL. Na kweli kuna kitu kinanisumbua, Jumapili iliyopita mweka hazina kasoma daftari lake salio la mfuko ni 12,846,730, mfumo wangu unaonyesha 12,846,700. Kina mama wamekaa nusu saa wanauliza shilingi thelathini iko wapi, mmoja akasema kama thelathini inapotea bila mtu kuiona, laki tatu itapoteaje. Nimepitia faini zote na riba zote sijaona kosa.

Fundi Mifumo Njiro
Kosa haliko kwenye faini, liko hapo hapo kwenye FLOAT. MySQL ikikuonyesha namba ya FLOAT inakupa tarakimu sita za mwanzo, zinazobaki inakadiria na kuweka sifuri. 12,846,730 ina tarakimu nane, hesabu mwenyewe utaona thelathini imeishia wapi. Hela weka DECIMAL, aina inayotunza tarakimu zote kama zilivyo, au namba kamili kabisa. Hata JavaScript ukiiambia 0.1 jumlisha 0.2 inakupa 0.30000000000000004, siyo ugonjwa wake peke yake, ndivyo kompyuta inavyotunza kwa kawaida namba zenye nukta. Na usiishie hapo, salio usilitunze kama namba moja unayoibadilisha badilisha, tunza kila muamala na mstari wake, salio lipatikane kwa kujumlisha, hapo mama yeyote akiuliza unamfungulia mstari mmoja mmoja.

Unaona hapo umejifunza nini kwa shilingi thelathini? Hiyo ndo kazi ya bakendi, yaani upande wa nyuma wa mfumo unaotunza na kuhesabu taarifa, na wewe tayari uko ndani yake.

Chuga Boy
Muda si mrefu AI inaandika yote hayo, mwambieni dogo akajifunze ufundi wa magari ya utalii.

Dada wa Sakina
Chuga Boy, AI naitumia kila siku na inanisaidia sana, ila aliyejua kuna thelathini imepotea ni mweka hazina na daftari lake. Lazima awepo mtu wa kukaa na watu kama wale na kuelewa wanachohesabu.

Kijana, mimi niko kwenye kampuni ya utalii, upande wa kupokea oda za wageni, naomba nikwambie kitu ambacho hao marafiki zako hawakioni. Kazi ngumu ofisini kwetu ni bei ya safari. Mgeni anaandika tuko wanne, watoto wawili, siku sita, Tarangire, Serengeti, Ngorongoro. Kiingilio cha hifadhi kina hesabu yake, mtoto bei yake, gari kushuka kreta inalipiwa peke yake, hoteli ina bei ya msimu wa wageni wengi na bei ya masika, juu yake VAT asilimia 18. Hiyo yote tunaipiga kwenye Excel moja ambayo aliyeitengeneza alishaondoka, ukiburuta seli vibaya kampuni inalipa tofauti mfukoni. Na pasipoti za wageni ziko zimezagaa kwenye WhatsApp za madereva, wakati sheria ya taarifa binafsi ipo tangu 2022.

Ukiingia hapo ukakaa kwenye printa tu utapotea kama kaka alivyosema. Ukaingia ukakaa jirani na dada wa oda, ukaangalia anavyohesabu, ukaomba ruhusa umtengenezee kitu kidogo cha bei, utatoka hapo na kazi ambayo wa Dar hana. Kwenye usaili waulize wazi, nitaruhusiwa? Wakisema IT ni printa basi ujue.

Mhasibu Mstaafu Rau
Mwanangu, laki tatu na nusu usiihesabu nzima. NSSF asilimia 10 ni 35,000. Kama ulisoma kwa mkopo, bodi ya mikopo wanakata asilimia 15 ya mshahara, 52,500. Kodi ya serikali ni kama 3,600. Mkononi inabaki 258,900. Toa chumba na chakula, omba nauli pembeni.

Dart na Ndizi
Lugha nayo isikupe presha. PHP ipo tangu 1995 na WordPress, ile ya kutengenezea tovuti, inaendeshwa nayo mpaka leo, tovuti zote za utalii nilizowahi kuzigusa ni WordPress. Flutter mimi naipenda na ndo inanilisha, ila apu bila seva nyuma yake ni picha tu. Baki na PHP, jifunze Laravel, vifaa vya kujengea mifumo kwa PHP, na Git, ya kutunza historia ya kazi yako, vizuri mwaka mmoja. Data na AI kama hesabu unazipenda kweli chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru wana shahada ya uzamili ya mambo ya kompyuta, siyo ya kukimbilia kwa sababu umesikia kuna hela.

Swali, ukihamia Arusha kina mama Jumapili nani atawaingizia?

Kijana wa Kiboriloni
Hilo swali sikuwa nimelifikiria kabisa, mfumo uko kwenye laptopu yangu tu. Nimeongea na mweka hazina, ana simu janja, nataka niupandishe kwenye seva aingize mwenyewe.

Usaili ni Alhamisi, nimeandika maswali ya kuwauliza, la kwanza ni hilo la dada wa oda na Excel. Wakikubali naenda, wakikataa namalizia kwanza huu wa VICOBA, nimeshaongea na mama. Kaka wa Njiro, naomba kama hutojali niwe nakutumia kazi yangu uisome, hata mara moja kwa mwezi. Leo usiku nabadilisha FLOAT, Jumapili wataona 12,846,730.

Fundi Mifumo Njiro
Tuma, ntasoma. Toa nakala ya databesi nzima kabla hujabadilisha safu hata moja, iweke kwenye flashi, flashi mpe mama. Na ukishabadilisha usiiamini ile namba ya zamani, keti na daftari la mweka hazina uingize upya kuanzia mwezi wa kwanza.