EAC iwe sharti kwa CD za taarab na dansi?

Hoja: Baadhi ya wanaokusanya CD za zamani za taarab na dansi wanataka faili yoyote isiyotoka Exact Audio Copy (EAC), programu ya kunakili CD kwenda kwenye kompyuta, ikataliwe. Je, ni haki?

Fundi Sauti: Naunga mkono. CD ya muziki haina ile tabaka ya ziada ya kusahihisha makosa iliyomo kwenye CD ya data. Draivu ikishindwa kusoma palipokwaruzwa, inajaza pengo kwa kukisia, na programu ya kawaida inapokea kimya kimya. EAC kwenye Secure (hali yake ya usomaji makini) inasoma kila sekta, yaani kipande kidogo cha diski, angalau mara 2. Zikitofautiana inarudia mara 16 na kukubali iwapo 8 zimelingana. Mwisho unabaki na logi, ripoti ya usomaji wote.

Nanga: Mkuu, kwa CD safi huko ni kuitesa draivu bure. Soma kwa Burst (mara moja, kwa haraka, bila kurudia), kisha linganisha na AccurateRip, hifadhidata ya alama za ukaguzi za walioripu (walionakili) CD hiyo hiyo kabla yako. Zikilingana, kazi imekwisha, uwe umetumia dBpoweramp, CUERipper, XLD ya Mac au whipper ya Linux. EAC ni ya Windows. Kwa nini tuwafungie wengine mlango? Ila ofseti ya draivu, yaani kiasi ambacho draivu huanza kusoma mapema au kuchelewa, iwekwe kwanza. Ikikosewa hata sampuli 6 kati ya 44,100 za sekunde moja, sikio halitajua, lakini ulinganisho utavurugika.

Mwana Santuri: Nanga, hiyo inafaa kwa CD za kiwandani zilizosambaa. Diski za mtaani kwetu ni CD-R zilizochomwa dukani, nyimbo zimepangwa upya, na hifadhidata itajibu tu kwamba haizijui. Hapo tumia Test & Copy: kila wimbo unasomwa mara mbili, na CRC (alama za ukaguzi) zake mbili lazima zifanane. Weka alama kwamba draivu ina kashe (kumbukumbu yake ya muda), la sivyo EAC itasomeshwa mara ya pili kilichokwisha kuhifadhiwa, diski isiguswe. C2, taarifa za makosa zinazotolewa na draivu yenyewe, izime, draivu nyingine zinadanganya. Kisha rudia kwa draivu ya kampuni nyingine, maana draivu moja inaweza kukosea vilevile mara mbili. Logi ikiandika Suspicious position, nenda dakika hiyo usikilize. Diski chafu ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe: mkwaruzo unaofuata njia ya data unaharibu sehemu ndefu mfululizo.

Fundi Sauti: Basi hata kwa CD-R nadai CRC mbili na logi, programu iwe yoyote inayozitoa.

Mwana Santuri: Ongeza Spek, programu inayochora masafa ya sauti. Ukiona sauti imekatika ghafla karibu na kHz 16, ujue huenda aliyechoma alitumia MP3 ya kbps 128. Logi itasema safi, na FLAC, faili isiyopunguza sauti, itabeba upungufu ule ule.

Nanga: Ya namna hiyo ikataliwe?

Mwana Santuri: Hapana. Huenda ndiyo nakala pekee iliyobaki. Ipokelewe, ila iandikwe wazi kwamba chanzo ni CD-R inayoshukiwa kutoka MP3, ili siku CD ya kiwandani ikipatikana mtu ajue ya kubadilisha.