Majukwaa ya michezo ya ubao mtandaoni: nani alipe, na mbunifu apate nini?

Wakuu, kila jukwaa likitoza ada ya mwezi watu wanapiga kelele kwamba linatunyonya. Msimamo wangu: ada ni halali, ila mbunifu wa mchezo apate chake.

Chukua Board Game Arena, iliyoanza 2010 kule Ufaransa na kununuliwa na Asmodee, kampuni inayochapisha michezo ya ubao, mwaka 2021. Michezo mingi ni bure. Ile ya kulipia, mwanachama mmoja mwenye ada akifungua meza (yaani akianzisha mchezo na kuwaalika wengine), wenzake wanacheza bila kutoa hata senti. Mimi hapo sioni unyonyaji.

Kinachoniuma ni upande wa Tabletop Simulator, programu ya kompyuta ya kuchezea michezo ya ubao. Unainunua mara moja kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, kisha unakuta humo maelfu ya michezo iliyopakiwa na watumiaji wenyewe. Mingine ubao umepigwa picha, karata zimeskaniwa moja moja hadi maandishi madogo ya pembeni, na aliyeibuni hakuombwa ruhusa. Programu imeuzwa, Steam imekata kamisheni yake, mbunifu kaambulia patupu. Zipo nyongeza rasmi za kulipia, lakini ukilinganisha na vilivyopakiwa bure ni chache mno.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, mbona Lichess, tovuti ya kucheza sataranji, ni bure, haina matangazo na inaendeshwa kwa michango? Halafu kanuni za mchezo hazina hakimiliki.

Mleta mada: Lichess naiheshimu sana, ila sataranji haina mwenyewe wa kudai mrabaha. Mchezo mpya una mbunifu, mchoraji na mchapishaji. Na ni kweli, kwa sheria ya Marekani namna ya kucheza hailindwi na hakimiliki, lakini michoro na maandishi yanalindwa. Sasa kinachoskaniwa ni nini kama si hivyo?

Mchangiaji wa pili: Mimi nacheza kwa nadra, ada inakatwa nikicheza nisicheze. Bora ninunue mchezo mmoja uwe wangu.

Mleta mada: Hoja yako ina uzito, ndugu. Ila mara nyingi ukinunua wewe, na wenzako sharti wanunue ndipo mcheze. Na seva inagharimu kila mwezi, wakati mnunuzi kalipa mara moja tu. Ninachodai ni majukwaa yaweke wazi mgawo wa ada. Kama yupo mbunifu humu aliyewahi kusaini mkataba na jukwaa lolote, atueleze: mrabaha unahesabiwa kwa meza zilizochezwa, au analipwa kwa mkupuo na kuachwa hapo?